Mali bila Daftari: Uhifadhi wa Vitabu vya Kielektroniki kwa Msomi wa Fasihi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna msomi binafsi anavyoweza kuhifadhi vitabu vya kielektroniki alivyovinunua kwa fedha zake, pamoja na maelezo aliyoyaandika ndani ya vitabu hivyo. Hoja kuu ni kwamba anachokinunua msomaji aghalabu si kitabu bali idhini ya kukisoma, na kwamba kwa mwanafunzi wa fasihi hasara kubwa zaidi huenda isiwe kupotea kwa kitabu bali kubadilika kwa matini bila yeye kujua. Makala yanapendekeza tabia chache zinazoweza kutekelezwa kwa vifaa alivyo navyo mwanafunzi wa kawaida.

Utangulizi

Nakala ndiyo iliyoiokoa fasihi andishi ya kale ya Kiswahili. Tenzi na mashairi ya upwa wa Afrika Mashariki yalinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, kutoka karatasi moja hadi nyingine. Karatasi iliyoliwa na mchwa au kuharibiwa na unyevu wa pwani haikuwa mwisho wa utenzi iwapo nakala nyingine ilikuwa katika nyumba nyingine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili miswada kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya wakiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Sehemu ya kazi yake imo London katika maktaba ya SOAS, na nyingine imo Ujerumani. Mtu anaweza kulalamika, tena kwa haki, kuwa mtafiti wa Kenya hulazimika kuvuka bahari ili ausome utenzi wa Lamu. Hata hivyo, ni dhahiri kuwa kutawanyika huko kwa nakala ndiko kulikofanya kazi nyingine zisipotee kabisa.

Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa historia hii katika mwaka wa kwanza au wa pili. Ajabu ni kwamba wengi wao hutoka darasani, wakanunua kitabu cha nadharia au riwaya kupitia simu, kisha wakakiacha kitabu hicho kikiwa kimoja tu, mahali pamoja, chini ya ufunguo wa mtu mwingine. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya.

Kitabu au Idhini?

Neno "nunua" lina historia ndefu kuliko biashara ya mtandaoni. Anayenunua kitabu kwa wachuuzi wa barabarani jijini Nairobi hukibeba, hukiandika pambizoni, humwazima mwenzake, na mwishoni mwa muhula humuuzia mwanafunzi wa mwaka unaofuata. Anayenunua kitabu cha kielektroniki kutoka kwa maduka makubwa ya mtandaoni hupewa leseni. Masharti ya leseni hiyo, ambayo ni wachache mno huyasoma, humruhusu kukisoma kitabu katika vifaa maalumu, kwa jina lake mwenyewe, na kwa kawaida humkataza kukiuza au kukihamisha. Mnamo Desemba 2019, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Kiholanzi ya Tom Kabinet, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa kitabu cha kielektroniki hakiwezi kuuzwa tena kama kitabu mkononi bila ruhusa ya mwenye hakimiliki. Huko Marekani, jimbo la California lilitunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja waziwazi kuwa anapata leseni, iwapo wanatumia neno "nunua". Ni jambo la kutia moyo kwamba hatimaye wanasheria wameingia katika semantiki.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Mnamo Julai 2009 kampuni ya Amazon ilizifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kuvilipia, baada ya kubainika kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuvichapisha. Wasomaji walirudishiwa fedha zao. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani siku chache baadaye. Kinyume kilichomo katika tukio hilo kilichekesha wengi, kwa kuwa riwaya ya 1984 inahusu dola inayofuta maandishi. Lakini kwa msomi kuna jambo zito zaidi. Miongoni mwa walioshtaki alikuwemo mwanafunzi wa shule ya upili wa jimbo la Michigan aliyekuwa akiisoma riwaya hiyo kwa ajili ya kazi ya likizo. Maelezo aliyokuwa ameyaandika hayakufutwa, ila yalibaki bila matini, yakielekeza kwenye kurasa zisizokuwepo tena. Mtu anaweza kurudishiwa bei ya riwaya. Usomaji wa wiki kadhaa haurudishwi kwa njia hiyo.

Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vilivyokuwa vimenunuliwa viliacha kufunguka kuanzia Julai mwaka huo. Wateja walirudishiwa fedha, na waliokuwa wameandika maelezo ndani ya vitabu vyao waliongezewa dola 25. Hiyo ni mojawapo ya nyakati chache ambapo pambizo ya msomaji imewahi kutiwa bei. Duka la Sony la Amerika ya Kaskazini lilikuwa limefungwa miaka mitano kabla, mwaka 2014, na wateja wake wakahamishiwa kwa Kobo. Kufungwa kwa duka, basi, si ajali ya kushangaza. Maduka ya karatasi pia hufungwa, ila yakifungwa hayamfuati mteja nyumbani.

Matini Inayobadilika

Katika mafunzo ya fasihi simulizi, mwanafunzi huelezwa kuwa kila uwasilishaji ni toleo, na kwamba mtafiti anapaswa kutaja fanani, mahali na tarehe. Katika fasihi andishi, kwa upande mwingine, matini huchukuliwa kuwa imeganda: toleo la mwaka fulani, la mchapishaji fulani, ukurasa fulani. Kitabu cha kielektroniki kimeuvunja mpaka huo, na uhakiki wa Kiswahili bado haujalizingatia jambo hili ipasavyo.

Mfano mmoja utatosha. Mnamo Februari 2023 magazeti ya Uingereza yaliripoti kuwa mchapishaji wa vitabu vya watoto vya Roald Dahl, yaani Puffin, alikuwa amefanya mamia ya mabadiliko ya maneno katika matoleo mapya ili kuondoa yaliyoonekana kuudhi. Baada ya mjadala mkali, mchapishaji alitangaza kuwa matini ya zamani pia ingeendelea kuchapishwa. Mjadala wa iwapo mabadiliko yale yalifaa haupo katika upeo wa makala haya. Linalohusika hapa ni kwamba baadhi ya wasomaji waliokuwa wamenunua matoleo ya zamani ya kielektroniki walikuta vitabu vyao vimesasishwa vyenyewe. Aliyekuwa na nakala ya karatasi aliendelea kuwa nayo. Aliyekuwa na nakala katika akaunti yake alilala na matini moja akaamka na nyingine.

Chukua hali ya mwanafunzi wa uzamili anayechunguza uteuzi wa msamiati katika riwaya. Amehesabu matukio ya neno, amenukuu sentensi arobaini, amejenga sura ya tatu ya tasnifu juu yake. Mtahini wa nje anafungua kitabu hichohicho, kutoka duka hilohilo, na sentensi mbili hazipo. Si lazima pawe na njama yoyote; huenda mchapishaji alisahihisha makosa ya chapa tu, jambo jema kwa msomaji wa kawaida. Lakini mwanafunzi huyo hana namna ya kuthibitisha kuwa alinukuu kwa uaminifu. Tuhuma ya kubuni data ni nzito katika chuo chochote, na utetezi wake pekee ungekuwa faili ya siku aliyokisoma kitabu.

Kutokana na hali hiyo, tabia ya kwanza inayopendekezwa ni kuzima usasishaji wa vitabu unaojiendesha, pale ambapo kifaa au akaunti huruhusu, kabla ya kuanza utafiti. Ya pili ni kunakili ukurasa wa hakimiliki wa kitabu, ambao mara nyingi hutaja tarehe ya toleo la kielektroniki na nambari yake ya utambulisho, pamoja na tarehe ambayo kitabu kilipakuliwa. Ya tatu inahusu unukuzi. Kwa kuwa katika vitabu vingi vya aina hii ukurasa hutegemea ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji, nambari ya ukurasa inayoonekana kwenye simu haina maana kwa mtu mwingine. Ni heri kutaja sura na aya. Wahadhiri wengine watalikataa hilo kwa kuwa mwongozo wa idara haulitaji. Wanafaa kuulizwa kwa adabu wapendekeze njia nyingine.

Faili, Umbizo na Kufuli

Ili kuhifadhi kitu, ni sharti kukijua. Kitabu katika umbizo la EPUB, lililoidhinishwa kama kiwango mwaka 2007, ni kifurushi kilichobanwa chenye kurasa zilizoandikwa kwa lugha ileile inayotumiwa kuunda kurasa za wavuti, pamoja na picha na orodha ya yaliyomo. Kwa kuwa kiwango hiki ni wazi, programu nyingi zisizohusiana zinaweza kukisoma. PDF nayo imekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2008. Hayo mawili ndiyo maumbizo yenye matumaini ya kusomeka baada ya miaka ishirini. Maumbizo ya duka moja hutegemea uhai na hiari ya duka hilo.

Juu ya umbizo huwekwa kufuli ya kidijitali. Hapa pana kosa linalowapata hata watu makini. Maduka kadhaa yanayotumia mfumo wa Adobe hayampi mteja kitabu moja kwa moja. Humpa faili ndogo sana yenye kiambishi cha acsm. Mteja huipakua, huinakili kwenye diski, huridhika. Faili hiyo si kitabu. Ni hati ya kwenda kuchukulia kitabu, mfano wa stakabadhi ya mzigo kituoni, na hufaa tu maadamu ghala lingali wazi. Kitabu chenyewe hupatikana baada ya hati hiyo kufunguliwa kwa programu ya kusomea, na hapo ndipo faili ya EPUB au PDF huwekwa katika tarakilishi. Hiyo ndiyo ya kunakiliwa. Vilevile, programu inapouliza iwapo tarakilishi iidhinishwe kwa akaunti au bila akaunti, wepesi wa kuchagua njia ya pili una gharama: kitabu hufungwa kwenye tarakilishi hiyo moja, na ikiharibika, nakala zote zilizotunzwa hazifunguki popote.

Swali la kuvunja kufuli hujitokeza kila mara. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kukwepa hatua za kiufundi zilizowekwa kulinda kazi. Zaidi ya sheria, jamii ya wasomi wa Kiswahili ni ndogo, na mwandishi ambaye vitabu vyake husambazwa bila malipo aghalabu ni mhadhiri wa mtu fulani. Njia iliyo safi ni kuchagua kabla ya kulipa. Wapo wachapishaji wanaouza vitabu bila kufuli. Tor Books ya Marekani, kwa mfano, ilifanya uamuzi huo mwaka 2012. Wapo pia wanaotia jina la mnunuzi ndani ya faili badala ya kuifunga, ili anayeisambaza ajulikane. Mnunuzi anayekiona kitabu kilekile katika maduka mawili, kwa bei zinazokaribiana, ana sababu ya kuchagua kile kinachomwachia faili mkononi. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu vya Kindle kutoka tovutini hadi kwenye tarakilishi ili kuvihamisha kwa waya, na waliokuwa wameahirisha kuvichukua walichelewa.

Nakala na Mahali pa Kuziweka

Miaka ya 2000 mpigapicha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ambayo sasa hutumiwa na wengi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Maktaba nazo zilikuwa zimefikia fikra kama hiyo. Mradi wa LOCKSS, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999 ili kuhifadhi majarida ya kitaaluma, umejengwa juu ya wazo kuwa nakala nyingi katika maktaba nyingi ndizo zinazolinda. Kijuma angeelewa mara moja.

Kwa mwanafunzi, gharama si kisingizio. Riwaya isiyo na picha nyingi, katika umbizo la EPUB, kwa kawaida huchukua megabaiti moja au mbili, kwa hiyo vitabu mia mbili hutoshea katika gigabaiti moja na bado nafasi ikabaki. Kurasa zilizopigwa picha kwa skana ndizo huwa nzito. Nakala ya kwanza inaweza kukaa katika tarakilishi, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni iliyo tofauti na duka lililouza kitabu. Nakala katika simu na nakala katika akaunti ya duka ni za kusomea, wala hazifai kuhesabiwa.

Chombo kinachopendwa zaidi vyuoni, yaani flashi, ndicho kinachostahili kuaminiwa kidogo zaidi. Hubeba data kwa chaji ya umeme ambayo hudhoofika kadiri miaka inavyopita bila kutumiwa. Zingine huuzwa zikiwa na nafasi ya uongo: huandikwa gigabaiti 64 ilhali ndani mna chache, na faili zinazozidi hupotea bila onyo. Tena flashi ndiyo inayopitishwa katika kila tarakilishi ya maabara na kila saiba, ikirudi na virusi vinavyoficha faili na kuacha njia za mkato mahali pake. Mwanafunzi akizibofya, huvieneza. Ifaavyo, flashi iwe ya kusafirishia, na diski ya nyumbani isichomekwe katika tarakilishi ya umma hata mara moja.

Kunakili peke yake hakutoshi. Faili inaweza kunakiliwa ikiwa tayari imeharibika, au ikanakiliwa nusu umeme ulipokatika. Mara moja kwa muhula, inafaa kufungua vitabu kadhaa kutoka katika diski ya nje, si kutoka katika tarakilishi, na kufika sura ya mwisho, kwa maana PDF iliyokatika huenda ikafunguka vizuri mwanzoni au isifunguke kabisa. Vitabu vilivyofungwa kwa kufuli vijaribiwe katika tarakilishi ya pili iliyoidhinishwa kwa akaunti ileile.

Kuhusu mpangilio, programu ya Calibre, iliyoanzishwa mwaka 2006 na isiyotozwa malipo, hupanga faili katika makabrasha kwa jina la mwandishi na la kitabu. Inasaidia sana, ila inahitaji jicho la Mswahili. Kwa kawaida hulichukua neno la mwisho la jina kuwa jina la ukoo, hivyo Muyaka bin Haji hupangwa chini ya herufi H. Hilo husahihishwa kwa mkono, mwandishi mmoja baada ya mwingine.

Maelezo ya Pambizoni

Alichokiandika msomaji ndani ya kitabu ni chake mwenyewe, nacho ndicho kisichoweza kununuliwa tena. Vifaa vya Kindle huandika maelezo na sehemu zilizotiwa alama katika faili ya matini sahili iliyo katika kabrasha la nyaraka za kifaa, na faili hiyo inaweza kunakiliwa kwa waya kama nyingine. Ikumbukwe kuwa wachapishaji huweka kikomo cha kiasi kinachoweza kutolewa kutoka katika kitabu kimoja. Msomaji anayetia rangi kila ukurasa atakuta mwishoni kwamba sehemu zake za mwisho hazikuhamishwa. Kutia alama kwa uchache, na kuandika neno la mtu mwenyewe kando ya kila alama, ni usomaji bora hata pasipo kikomo hicho. Kwa kila sura iliyosomwa, maelezo yahamishiwe katika hati ya kawaida, yakiwa na sentensi inayorejelewa, ili hata kitabu kikitoweka pambizo isibaki yatima kama ile ya mwanafunzi wa Michigan.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii inawahusu wanunuzi wa vitabu hivi kuliko wafanyabiashara. Mtu asiyejua alinunua nini na wapi hawezi kutambua kilichoondolewa. Daftari linalopendekezwa ni la karatasi: jina la kitabu na mwandishi, duka, tarehe, bei, namba ya muamala wa M-Pesa au wa kadi, umbizo, kama kina kufuli, na akaunti iliyotumika. Nywila zisiandikwe humo.

Safu hiyo ya akaunti imekuwa chanzo cha hasara inayozuilika kabisa. Wanafunzi wengi hufungua akaunti za ununuzi kwa anwani ya barua pepe waliyopewa na chuo. Miezi au miaka kadhaa baada ya mahafali anwani hiyo inaweza kufungwa, na duka linapotuma msimbo wa kuthibitisha, msimbo huo huenda mahali pasipo na mtu. Hali ni hiyohiyo kwa laini ya simu iliyoachwa mpaka ikagawiwa mtu mwingine. Anwani ya kibinafsi, pamoja na anwani ya pili ya kurejeshea akaunti, ziwekwe wakati mwanafunzi angali chuoni na angali na uwezo wa kuzibadilisha. Aliye katika mwaka wa mwisho aifanye kazi hiyo kabla ya kuwasilisha tasnifu, siku ileile anayorudisha vitabu vya maktaba.

Mwishoni mwa daftari paachwe ukurasa mmoja wa tarehe za ukaguzi: siku diski ilipochomekwa, vitabu vilivyofunguliwa, na kilichokataa kufunguka.